Anayejaza Fomu na Anayegonga Muhuri

Kila ilipofika Oktoba, saiba za Gitothua, hapa Ruiru, zilibadilika sura. Wanafunzi waliokuja kuchapisha kazi zao waliambiwa wangoje, kamera ikatolewa kabatini, shuka jeupe likatundikwa ukutani, na mlangoni ikabandikwa karatasi yenye herufi nene: GRINI KADI IMEFUNGULIWA. Foleni ilifika barabarani. Walikuwamo mafundi wa mjengo, akina mama wa soko la Ruiru, walimu wa shule za binafsi, na vibarua wa mashamba ya kahawa ambayo wakati huo yalikuwa hayajakatwa ploti. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa katika chumba kimojawapo cha namna hiyo. Nilipiga picha, nikachapisha, nikapokea pesa. Fomu zenyewe alizijaza mwenye duka, maana hiyo ndiyo kazi iliyoleta riziki na hakutaka kumwachia mtu.

Iliyofunguliwa ilikuwa bahati nasibu ya visa iliyowekwa na sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1990, na visa zake za kwanza zilikuwa za mwaka 1995. Sheria iliruhusu hadi visa 55,000 kwa mwaka kwa watu wa nchi ambazo wahamiaji wake kule ni wachache. Hapo mwanzo mtu aliandika karatasi, akabandika picha na kuipeleka posta. Tangu mwishoni mwa 2003 maombi yakawa yanapokewa kwa intaneti peke yake, na kuanzia hapo asiyejua kompyuta akalazimika kutafuta mtu wa kumwandikia. Kwa miaka mingi kushiriki kulikuwa bure kabisa. Pesa zote zilizolipwa pale Gitothua zilikuwa za mwandishi.

Wengi walidhani, na bado wanadhani, kwamba kazi ya mwandishi huyo ni vidole tu. Jina, tarehe ya kuzaliwa, nchi, picha, basi. Mimi nilikaa meza ya pili, nikasikia maswali na majibu mwaka baada ya mwaka, na ninachokishikilia hadi leo nilikijua pale: fomu ya uhamiaji imejaa sheria kutoka juu hadi chini, na anayemwambia mteja ajibu nini amekuwa wakili wake, awe na shahada au asiwe nayo.

Chukua swali la ndoa. Mwenye duka aliuliza, “Umeolewa?” Mama akajibu ndiyo. “Mko na cheti?” Hapana, hatuna. Basi kisanduku cha asiyeolewa kikatiwa alama, na mazungumzo yakahamia kwenye elimu. Sekunde chache. Lakini mtu yeyote aliyekulia Kiambu anajua ndoa zetu nyingi zimesimama juu ya nini. Wazee wamekaa, ruracio imelipwa au imeanzwa, siku ya ngurario bega la mbuzi limekatwa mbele ya koo mbili. Hapo huyo ni mke wa mtu, na hakuna shangazi atakayekubali uambiwe vingine. Sheria ya Kenya nayo inakubaliana na mashangazi. Sheria ya Ndoa ya 2014 imeiweka ndoa ya kimila bega kwa bega na ya kanisani, ya Kiislamu, ya Kihindu na ya serikali, na tangu Agosti 2017 msajili amekuwa akiziandikisha ndoa za kimila na kuzitolea vyeti. Asiye na cheti amechelewa kuandikisha. Ndoa yake ipo.

Swali la watoto lilikuwa na hatari zaidi, kwa kuwa lilionekana jepesi. Maelekezo ya bahati nasibu hiyo yanataka mke au mume atajwe, pamoja na watoto wote walio chini ya miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa, hata wale wasiokusudia kusafiri, hata wale wasioishi na mwombaji. Ukimwacha mmoja, kesi inaweza kukataliwa mbele ya afisa wa ubalozi kule Gigiri, baada ya kulipa ada ya mahojiano, kupimwa afya na kuaga watu. Sasa kuna mtoto wa kwanza, aliyezaliwa kabla ya ndoa, analelewa na shosho yake Murang'a. “Huyo anaenda Marekani?” Haendi. “Basi tumwache.” Ushauri ulitolewa kwa nia njema, na ulikuwa ushauri wa kuangamiza.

Ilikuwapo pia namba ya uthibitisho, ile inayotokea ombi likishapokewa, ambayo bila hiyo huwezi kujua kama umechaguliwa. Mtu mwaminifu huichapisha na kumkabidhi mwenyewe. Lakini wapo mawakala walioikalia, na matokeo yalipotoka Mei waliwapigia simu walioshinda na kutaja bei. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani imewaonya waombaji kuhusu walaghai wa bahati nasibu hii mwaka baada ya mwaka. Huo ni wizi wa wazi, na wizi una polisi wake. Mimi kinachonisumbua zaidi ni yule mwaminifu asiyejua.

Baadaye nilihamia Thika, nikawa karani katika ofisi ya wakili mzee ambaye pia alikuwa kamishna wa viapo na notari. Nchini Kenya mambo hayo mawili yako mikononi mwa mawakili. Kamishna wa viapo anafanya kazi chini ya Sheria ya Viapo na Matamko, Sura ya 15. Notari yuko chini ya Sura ya 17, na lazima awe wakili aliyekomaa kidogo katika kazi. Hati ikibaki hapa nchini, kama vile kiapo cha kitambulisho kilichopotea, muhuri wa kamishna unatosha. Hati ikienda ng'ambo huhitaji notari, na mara nyingi sahihi yake nayo huthibitishwa na msajili wa Mahakama Kuu, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi inayokwenda.

Benchi letu halikuwahi kukauka watu. Wengi waliletwa na majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, kitambulisho kinasema vile, cheti cha shule kina jina la ubatizo lililoandikwa na mwalimu alivyolisikia, na mwanamke aliyeolewa ana jina la mume upande mmoja na la baba upande mwingine. Idara ya Uhamiaji inataka kujua kama wote hao ni mtu mmoja. Basi anaapa kwamba ni mtu mmoja. Wengine walikuja na barua za idhini: mama anampeleka mtoto kwa baba yake Doha, au shangazi amepewa ruhusa kumfuatilia mtoto pasipoti. Na tangu eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ilipoanza mwaka 2014 na huduma kuhamia huko moja baada ya nyingine, karibu kila aliyefika kwetu alikuwa amepita saiba kwanza.

Yule wakili alikuwa na desturi iliyowachosha wenye haraka. Hakugonga muhuri kwenye karatasi iliyoletwa na mtu mwingine. Mwenye kuapa aketi mbele yake, atoe kitambulisho, kisha maneno asomewe kwa Kiswahili au Gikuyu, na aulizwe, “Mama, haya ni maneno yako?” Mara nyingi yalikuwa si maneno yake. Yalikuwa yamenakiliwa kutoka kwa hati ya mtu mwingine, hata jina la kijiji halijabadilishwa. Alikuwa akiirudisha karatasi na kumwambia mtu ajieleze upya tangu mwanzo. Mjini kulikuwa na ofisi ambako muhuri uliachwa kwa karani na hati zikapita kwa mafungu. Kwetu muhuri ulikaa kwenye droo yake na ufunguo ulikaa mfukoni mwake.

Wateja walipoona jinsi anavyosikiliza, walimwomba zaidi. Si atujazie na fomu za ubalozi? Si atuandikie barua ya mwaliko? Alikataa, na sababu yake iko ndani ya Sura ya 15 yenyewe: kamishna wa viapo hawezi kuapisha katika jambo ambalo yeye ni wakili wa mmoja wa wahusika, wala ambalo ana maslahi ndani yake. Akishakujazia fomu kwa malipo, huku wewe na yeye mnatamani ikubaliwe, hawezi tena kukaa ng'ambo ya meza kama shahidi asiye na upande. Alikuwa tayari kuwa wakili wako au kuwa shahidi wa kiapo chako. Vyote viwili, hapana.

Mama mmoja aliyekuwa akimfuatilia mwanawe visa ya masomo alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwa heshima zote: “Sawa, wakili. Lakini ukinikatalia wewe unayejua, nitarudi kwa yule kijana wa saiba asiyejua. Yeye hajawahi kunikatalia kitu.”

Wakili hakuwa na jibu siku hiyo, na mimi nimekuwa nikilitafuta tangu wakati huo. Kukataa kwake kulikuwa sahihi kisheria, na kulimwacha mama yule mahali pabaya kuliko alipokuwa. Msimamo unaomlinda wakili peke yake ni nusu ya msimamo.

Kilichonifanya nilikazie macho jambo hili ni yaliyompata binti wa shangazi yangu. Alijaziwa fomu ya bahati nasibu kwenye saiba, hapa hapa Ruiru, miezi michache baada ya ngurario yake. Aliulizwa kuhusu cheti, akasema hana, akaandikwa asiyeolewa. Aliposhinda alishikilia alichoandikiwa, kwa kuwa alielezwa kwamba ndivyo serikali inavyohesabu. Alikwenda Lowell, Massachusetts, mji wenye Wakenya wengi kiasi kwamba unaweza kununua unga wa ugali bila kuongea Kiingereza. Akapata kazi ya kutunza wazee, akatulia, akaanza kupanga kumwita mumewe.

Alitafuta msaada mahali ambapo yeyote kati yetu angetafuta. Kulikuwa na duka la kutuma pesa lenye kibao cha notari dirishani. Kwa mtu aliyelelewa Kenya, notari ni wakili, na wakili mkubwa. Massachusetts si hivyo. Kule notari huteuliwa na gavana kwa kipindi cha miaka saba, na anaweza kuwa muuza duka, karani wa benki, mtu yeyote mzima anayetimiza masharti. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba aliyetia sahihi ni mwenye jina hilo. Hana ruhusa ya kutoa ushauri wa kisheria. Wanaoruhusiwa kumwakilisha mtu mbele ya mamlaka za uhamiaji za Marekani ni mawakili, na wawakilishi wa mashirika waliokubaliwa na Wizara ya Sheria. Wahamiaji wa Amerika ya Kilatini wameumizwa kwa njia hiyo hiyo kwa miongo mingi, kwa kuwa kwao pia notari ni mwanasheria wa hadhi ya juu, na baadhi ya majimbo ya Marekani yamelazimika kutunga sheria za kuwazuia manotari wasijitangaze kwa namna ya kuwapotosha.

Huyo wa dukani alichukua pesa, akajaza ombi la kumleta mume, akaandika tarehe ya ndoa kuwa siku ile ya ngurario, tarehe ya kweli kabisa. Akagonga muhuri. Muhuri ulikuwa halali na sahihi ilikuwa yake. Sasa serikali ya Marekani ikawa na karatasi mbili za mtu mmoja: ya kwanza inasema hajaolewa, ya pili inasema alikuwa ameolewa kabla ya kuijaza ya kwanza. Barua iliyofuata haikuuliza habari za mume. Iliuliza jinsi yeye mwenyewe alivyoingia nchini.

Wakili wa uhamiaji aliyempata baadaye, kupitia shirika linalosaidia wahamiaji kwa ada ndogo, alisoma faili yote kabla ya kusema neno. Alichomweleza ni kwamba mwenye saiba wa Ruiru na notari wa Lowell walifanya kitu kimoja. Kila mmoja aliamua swali la sheria bila kujua kwamba analiamua. Kesi haijaisha. Mumewe bado yuko Gitothua, na mtoto waliyemkusudia hawajampata.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama manotari wasaidie katika makaratasi ya uhamiaji, jibu langu lina sehemu mbili zinazokwenda pamoja. Notari asiyekuwa wakili asiguse majibu ya fomu, iwe ni Lowell au kwingineko. Na notari wetu wa Kenya, ambaye ni wakili, asijaze anachokusudia kukishuhudia, lakini pia asimfukuze mtu mlangoni mikono mitupu. Kuna kazi kubwa katikati ambayo sheria haimkatazi. Anaweza kumsomea mtu fomu yote kabla haijatumwa. Anaweza kumwambia, “Kwa sheria ya Kenya wewe umeolewa, andikisha ndoa yako kwanza.” Anaweza kumweleza kwamba mtoto wa Murang'a ni mtoto. Na pale sheria ya Kenya inapokoma na ya Marekani au Uingereza inapoanza, aseme waziwazi kwamba hapo hajui, na amwelekeze kwa anayejua. Wakili wa Thika aliyebobea katika mashamba na mirathi si mjuzi wa uhamiaji wa Canada kwa kuwa tu ana muhuri mwekundu.

Tusidai kwamba jambo hili ni geni. Sheria yetu ya Ajira ya 2007 inasema mkataba wa kazi ya ng'ambo lazima ushuhudiwe na afisa wa kazi, na afisa huyo haruhusiwi kutia sahihi mpaka aridhike kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari, hakudanganywa wala kulazimishwa, na ameyaelewa masharti. Soma hayo kisha ufikirie wasichana waliopanda ndege kwenda Ghuba wakiwa na mikataba iliyoandikwa kwa lugha wasiyoijua. Sheria ilikuwa imemtaka shahidi aulize kama mtu ameelewa. Hicho ndicho yule mzee wa Thika alichokuwa akikifanya kwa hati za kiapo, na ningependa kila mwenye muhuri alazimishwe kukifanya.

Na yule kijana wa saiba? Bosi wangu wa zamani na mawakili wenzake walitaka afungiwe. Mimi sikubaliani nao. Saiba ndiyo ofisi pekee ya serikali iliyo karibu na mtu wa Gitothua; ikifungwa, atapanda matatu hadi ofisi za Uhamiaji, Nyayo House, kuuliza swali la dakika mbili. Nchi nyingine zimetafuta njia. Uingereza ilifanya kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa kuwa kosa la jinai, kwa sheria ya 1999, na mamlaka inayosimamia washauri hao imekuwa ikiitwa Immigration Advice Authority tangu Januari 2025. Canada ina chuo cha kitaaluma cha washauri wa uhamiaji kilichofungua milango Novemba 2021. Njia ya California ndiyo inayonivutia zaidi kwa hali yetu: mtu asiye wakili anaweza kulipwa kuandika majibu ya mteja kwenye fomu, lakini haruhusiwi kumshauri ajibu nini, na lazima aweke dhamana ya dola 100,000 ili walioumizwa wawe na pa kudai. Kiasi hicho hakina maana Ruiru, ambako duka lote halifiki sehemu ndogo yake. Kinachofaa kuchukuliwa ni ule mpaka kati ya kuandika na kushauri, na kwamba anayeuvuka anajulikana ni nani.

Hilo la kujulikana lingeweza kuanza kesho bila sheria mpya yoyote. Fomu nyingi za Marekani zenyewe zinauliza kama kuna aliyekusaidia. Ombi la visa kwa intaneti lina swali hilo, na fomu ya kumwombea ndugu ina sehemu nzima ya aliyeiandaa: jina, anwani, sahihi. Kwenye fomu za binti wa shangazi yangu hakuna jina la msaidizi lililoandikwa, hapa wala kule, na wote wawili waliolipwa hawamo kabisa katika faili inayoamua maisha yake. Mteja wa Gitothua ana haki ya kusema: andika jina lako hapo, namba yako ya simu, unisomee yote kwa lugha ninayoielewa, unichapishie nakala yenye namba ya uthibitisho, ndipo nitume pesa kwa M-Pesa. Akikataa kuliandika jina, mteja asimlipe, aende saiba ya pili.